Nghe nói, nghe đồn, nghe đâu: Kivietnamu kina "nasikia" nyingi, na kila moja ina uzito wake (uzi mrefu)

Korosho ya Kusini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo miaka kadhaa. Kila nikiona watu humu wanabanana "chanzo kiko wapi, nani kasema", nawakumbuka walionifundisha Kivietnamu, maana wao swali hilo wanalijibu kabla hujauliza. Wanalijibu kwa neno la kwanza la sentensi.

Mimi ni mtu wa Mtwara, kazi yangu korosho, upande wa ghalani: kupima, kukata sampuli, kuhesabu magunia. Wanunuzi wakubwa wa korosho zetu ghafi ni Wavietnamu na Wahindi, kwa hiyo Kivietnamu nilianza kukiokoteza ghalani, neno moja moja. Baadaye nikapata nafasi ya kwenda kufanya kazi kwao, Bình Phước, kaskazini mwa Jiji la Ho Chi Minh ambalo wenyeji bado wanaliita Sài Gòn. Mkoa wenyewe tangu Julai 2025 umeunganishwa na Đồng Nai, lakini mtu wa korosho ukimtajia Bình Phước anajua unasema nini.

Sasa tuingie kwenye lugha. Anzeni na neno nghe, maana yake kusikia. Sisi tuna bahati: ni *ng'e*, ile ng' ya ng'ombe. Wazungu niliowakuta kule walikuwa wanatoka jasho kwa sauti hii, mimi nikaitamka siku ya kwanza na mama muuza kahawa akapiga makofi.

Nghe nói ni "sikia" na "sema" vimewekwa pamoja. *Nghe nói giá điều lên*: nasikia bei ya korosho imepanda. Angalieni kwamba hapo hakuna "mimi" wala "wao", na kitendo hakibebi kiambishi chochote. Ni kusikia-kusema tu, halafu habari. Hii ndiyo ya kila siku, nyepesi, haina ubaya. Aliyekuambia unaweza kuwa unamjua kabisa ila huoni haja ya kumtaja.

Nghe đồn inapanda ngazi. *Đồn* ni kuvuma, kuenea mdomo kwa mdomo, na tetesi yenyewe inaitwa *tin đồn*. Ukisema *nghe đồn nhà máy đóng cửa*, kwamba kiwanda kinafungwa, umeshakiri kuwa habari hiyo imepita vinywa vingi kabla ya kukufikia. Wana na msemo wake: *một đồn mười, mười đồn trăm*, mmoja avumisha kwa kumi, kumi wavumisha kwa mia.

Nghe đâu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. *Đâu* ni "wapi". Sikia-wapi. *Nghe đâu chị Tư sắp lấy chồng*: nasikia-sikia dada Tư anakaribia kuolewa. Msemaji anakupa habari na hapo hapo anakuonyesha kwamba hata pahali alipoiokota hapakumbuki vizuri. Inasemwa kwa sauti ya chini kidogo, jicho likiangalia pembeni. Kwa Kiswahili ningeikaribisha kwa "nasikia-sikia" au ile "eti" tunayoivuta.

Na jambo lingine lililonishika: tin ni habari, na tin hiyo hiyo, kwa sauti ile ile, ni kuamini. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa anapenda kusema *đừng tin tin đồn*, usiamini habari ya kuvuma. Mara ya kwanza nilidhani amegugumia.

Sasa mkasa wenyewe, uliofanya nisisahau hadi leo.

Kiwandani tulikuwa na dada mmoja upande wa kubangua, mchapakazi, ndiye aliyekuwa ananionyesha njia miezi ya mwanzo. Siku moja mchana, tunakula, nikasikia meza ya pili wanasema *chị xin nghỉ*. *Nghỉ* ni kupumzika, ni kuchukua ruhusa, na pia ni kuacha kazi. *Xin nghỉ* inaweza kuwa ameomba siku tatu akamuuguze mama yake, na inaweza kuwa ameomba kuondoka moja kwa moja. Mimi nikachukua ile ya pili. Jioni msimamizi akaniuliza mbona huyu dada haonekani. Nikajibu kwa ufasaha wote niliokuwa najivunia: *Chị ấy nghỉ luôn rồi.* Ameshaacha kazi jumla.

Sikuweka nghe nói, wala nghe đâu. Nilisema kama mtu aliyeona barua.

Msimamizi naye akanichukulia kama mtu aliyeona barua. Kesho yake nafasi ya yule dada ilikuwa na mtu mwingine. Aliporudi siku ya nne, mama yake amepata nafuu, akakuta benchi lake limekaliwa. Alirudishiwa kazi baada ya maelezo, lakini zile siku mbili za kusubiri aliishi akijua kwamba mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi ndiye aliyemtangaza. Nilimwomba radhi. Alinisamehe kwa mdomo, na chakula cha mchana hakukaa tena meza yetu.

Nikamsimulia yule mama mwenye nyumba, tuliyekuwa tunamwita *dì Bảy*. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mboga, akasema: *Con nghe đâu thì nói nghe đâu, đừng nói như con thấy.* Mwanangu, ukisikia-sikia sema umesikia-sikia, usiseme kama uliyeona.

Nimeleta uzi huu tuyaangalie maneno haya pamoja, na tuyapime na ya kwetu. Kuna waliokaa kule? Karibuni.

---

Mwalimu Kivuli

Uzi mzuri mkuu, naweka kiti mbele kabisa. Ila nina swali. Hiyo nghe nói si ndiyo "inasemekana" yetu? Magazeti yetu yamejaa inasemekana, yadaiwa, yaelezwa. Hakuna tofauti naiona.

---

Korosho ya Kusini

Mwalimu, ipo. "Inasemekana" imevaa suti. Mtu akiniambia kijiweni "inasemekana Juma kaoa" nitadhani ananisomea taarifa ya habari. Kivietnamu nacho kina maneno yake ya gazetini, kama *được cho là*, "inaaminika kuwa", au *theo nguồn tin*, "kwa mujibu wa chanzo". Nghe nói ni ya mdomoni, ya kwenye kiti cha kahawa. Ndugu yake ni "nasikia".

Tofauti nyingine ni kwamba sisi "nasikia" inabeba na-, mimi ndiye ninayesikia. Ile yao inaweza kusimama bila mtu yeyote. Habari inakuja kama harufu ya chakula cha jirani.

---

Bint Kibokoni

Hapo kwenye harufu umenigusa. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale, na Kivietnamu sijui hata salamu. Lakini sisi Waswahili si twasema "nasikia harufu", "nasikia njaa", "nasikia baridi"? Kusikia kwetu si kwa sikio peke yake. Je, hao nao nghe yao yafika puani?

Halafu kwetu, mtu asemapo "watu wasema ati..." ile *ati* ndiyo kinga yake. Ati ikishawekwa, kesho hushikwi. Nyanya yangu alikuwa akikataza kabisa: "Usiniletee ati nyumbani kwangu. Niletee jina."

---

Korosho ya Kusini

Dada, umeuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuliuliza mpaka mwaka wa pili. Ndiyo, inafika puani! Wanasema *nghe mùi*, sikia harufu, vile vile kama sisi. Kahawa ikichemka barabarani mtu anasema *nghe mùi thơm quá*, nasikia harufu nzuri mno. Siku nilipolitambua hilo nilijisikia nyumbani.

Na "niletee jina" ya nyanya yako naiandika kwenye daftari.

---

Mtaa wa Chai Baridi

Nimesoma Hanoi miaka minne, niruhusu nilete ya Kaskazini, maana mleta uzi yuko Kusini na kule lugha ina ladha nyingine.

Hanoi hutasikia nghe nói peke yake. Utasikia nghe bảo (bảo ni kuambia) na zaidi thấy bảo. Hii ya pili ilinishangaza: *thấy* ni kuona! "Ona-ambiwa". *Thấy bảo mai mưa*, nasikia kesho mvua. Hujaona kitu, umeambiwa tu, lakini neno la kuona limeshaingia. Nilimuuliza mwenzangu wa bwenini, akaniambia thấy hapo ni "nimekuta kwamba watu wanasema hivyo". Kwa hiyo, mkuu, ule ushauri wa dì Bảy wa "usiseme kama uliyeona" mtu wa Hanoi angeutikisia kichwa kwanza.

Sasa ile ya harufu. Kuna msemo unaitwa nghe hơi nồi chõ, na nadhani Mswahili anauelewa kuliko Mzungu yeyote. *Hơi* ni mvuke. *Nồi chõ* ni chungu cha kupikia kwa mvuke: vyungu viwili, cha chini maji, cha juu kina matundu kwenye kitako, humo ndani wanaweka mchele wa kunata wakipika *xôi*. Mama aliyekuwa anatuuzia xôi asubuhi karibu na chuo alikuwa nacho cha alumini, kimezungushiwa kitambaa pale vinapokutana ili mvuke usitoroke. Bado ulitoroka. Unasimama pale saa kumi na mbili, giza halijaisha, unasikia *psss*, unasikia harufu, na kilichomo humo ndani hukioni mpaka afunue. Basi mtu anayebeba habari bila kujua kiini chake anaambiwa amesikia mvuke wa nồi chõ. Ukimwambia mtu hivyo umemwambia wazi kwamba habari yake haina miguu.

Nyingine za Kaskazini kwa haraka: buôn chuyện ni "kuchuuza hadithi", na buôn dưa lê ni "kuchuuza matikiti", yaani umbea. Wengine wanamalizia *bán dưa chuột*, na kuuza matango. Kuna na *ngồi lê đôi mách*, kuzunguka ukikaa huku na kule ukipeleka maneno ya watu.

---

Mpashaji Mstaafu

Kuchuuza matikiti! Na sisi tunasema "nipe ubuyu", "kamwaga ubuyu wote". Kumbe umbea kila mahali ni kitu cha kumung'unya. Ubuyu unaufyonza, mbegu unatema, mkono unabaki mwekundu. Kila aliyekula anajulikana.

---

Mwalimu Kivuli

Na chumvi je? Sisi anayeongeza maneno "anatia chumvi".

---

Korosho ya Kusini

Mwalimu, wao wanatia chumvi NA mchuzi wa samaki. *Thêm mắm thêm muối*: ongeza mắm, ongeza chumvi. Mắm ni samaki wa kuvundikwa kwa chumvi, ndiko unakotoka ule mchuzi wao uitwao *nước mắm*. Kwa nchi ambayo karibu kila mlo una bakuli la mchuzi huo pembeni, chumvi peke yake isingetosha.

Na kuna *thêu dệt*, kudarizi na kufuma, kwa yule anayetunga kabisa.

---

Tanganyika Juu

Jambo wandugu, niko Lubumbashi. Kiswahili chetu munakijua, mutanivumilia.

Huku mutu anaanza na "banasema". Banasema bei ya unga itapanda, banasema barabara imefungwa. Hauulizi ba nani. Na kitu cha pili munakijua wote muliokaa Congo, Burundi, Rwanda: radio trottoir. Trottoir kwa Kifaransa ni pembeni ya barabara, pale watu wanapita kwa miguu. Wakati wa Mobutu redio ya serikali ilisema yake, na radio trottoir ilisema yake, na baba zetu walisikiliza zote mbili halafu wakalinganisha.

Ninauliza: hao Wavietnamu nao walitawaliwa na Mufaransa. Hawana kitu kama hiki?

---

Mtaa wa Chai Baridi

Ndugu yangu wa Lubumbashi, wanacho! Tin vỉa hè, habari za pembeni ya barabara. *Vỉa hè* ndiyo trottoir yenyewe. Sisemi walikipata kwa Mfaransa, maana ukikaa Hanoi wiki moja unaona kingeweza kuzaliwa hapo hapo: maisha yote yako pembeni ya barabara. Viti vya plastiki virefu kama goti, glasi ya *trà đá*, chai ya barafu ya bei ndogo, mama ana birika kubwa na mtungi wa barafu, na wanaume sita wanaojua nani anapandishwa cheo wizarani. Wengine wanaita *thông tấn xã vỉa hè*, shirika la habari la pembeni ya barabara, kwa kufuata jina la shirika la habari la taifa.

Ila kipo kimoja ambacho Mfaransa hawezi kukikana: tin vịt, habari-bata. Vịt ni bata. Kifaransa bata ni *canard*, na canard hiyo hiyo kwao ni habari ya uongo. Wavietnamu wakatafsiri ndege kama alivyo.

Ofisini kuna tin hành lang, habari za korido. Hizi watu wanaziheshimu kidogo kuliko za pembeni ya barabara, kwa sababu aliye koridoni angalau yuko karibu na mlango.

Na mtu asiyeweza kukaa na neno anaitwa loa phường, spika ya kata. Hivi ni vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo mitaani. Wakati wa vita vilikuwa vinawaonya watu ndege za Marekani zikija, na baada ya hapo vikabaki kutangaza chanjo, usafi na mikutano. Mwaka 2017 uongozi wa jiji ulisema kazi yake imekwisha, 2022 jiji likatoa mpango wa kuvirudisha, na watu wakabishana sana. Mimi kilikuwa kinaniamsha alfajiri, na bado nikikisikia kwenye video moyo unaenda kule.

---

Mpashaji Mstaafu

Sisi Bongo tuna redio mbao. Nimesikia redio mbao wanasema hivi na hivi. Kongo redio yao iko barabarani, Hanoi spika iko kwenye nguzo, yetu ni ya mbao, haina hata betri na inafika kila kijiji.

---

Korosho ya Kusini

Redio mbao naijua kwa uchungu. Walio Kusini wataukumbuka msimu wa 2018. Minada ilisimama, wakulima wamekataa bei, na kila asubuhi kijiweni kulikuwa na bei mpya ambayo hakuna aliyeiona imeandikwa popote. Mpaka Novemba, Rais Magufuli alipotangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litasomba. Kabla ya tangazo hilo nilishaona mzee mmoja ameuza gunia zake kwa chomachoma, wale wanunuzi wa pembeni wasio rasmi, kwa bei ya kutupa, kwa sababu aliambiwa "hazinunuliwi tena mwaka huu". Aliyemwambia hakusema "nasikia". Alisema "hazinunuliwi".

Ndiyo maana maneno haya madogo ya mwanzo wa sentensi kwangu si mapambo. Mzee yule angesikia "nasikia hazinunuliwi", pengine angesubiri hata wiki moja.

---

Bint Kibokoni

Pole kwa mzee huyo. Hilo lakera.

Nami nina langu. Nimesoma mahali kwamba huko umbea waitwa "nane". Ni kweli? Na kwa nini nane?

---

Korosho ya Kusini

Kweli kabisa. Kusini ni tám, nane. *Tám chuyện* ni kupiga umbea, na *bà tám* ni mama mbea. Vijana wamelifanya kitenzi kabisa: *tám chút đi*, tupige nane kidogo.

Kwa nini nane, wanaoeleza hawakubaliani. Wengi wanasema limetoka kwa Wachina wa Kikantoni wa Sài Gòn, ambao umbea wanauita kwa jina la zile alama nane za ramli, bát quái kwa matamshi ya Kivietnamu, na bát ni nane. Wengine wanaona ni jina tu la shangazi fulani wa mtaani. Hili la pili lina mantiki kwa sababu Kusini watu wanaitwa kwa namba za kuzaliwa, na wanaanzia mbili! Mtoto wa kwanza ni Hai, yaani Mbili. Dì Bảy wangu, Mama Mdogo Saba, alikuwa mtoto wa sita. Kwa hiyo Bà Tám ni mtoto wa saba, na ukoo wenye watoto saba una mengi ya kusimulia.

---

Bint Kibokoni

Ahsante. Ila nasema wazi: mbona huyo mbea ni *bà*, mwanamke? Na matikiti najua nani ataambiwa anachuuza. Hao wanaume sita wa chai ya barafu wanaojua siri za wizara wao waitwa nani? "Wachambuzi"? Kwetu ni hivyo hivyo: mwanamke mlangoni ni mmbea, mwanamume barazani azungumza siasa.

---

Mtaa wa Chai Baridi

Dada umesema kweli na sina utetezi. Nimekaa na wale wanaume. Walikuwa wanachuuza matikiti ya jumla.

Hata hivyo vijana wa mtandaoni wameanza kusawazisha, wanasema *ông tám* kwa mwanaume. Na neno linalotawala kwao sasa ni hóng. Asili yake ni kutoka nje kupunga upepo: *hóng mát*, *hóng gió*. Jioni ya joto watu wanakaa kizingitini wanausubiri upepo. Sasa mtu akisubiri habari ya ugomvi wa watu mashuhuri anaandika neno moja tu, *hóng*. Ni ile yetu ya "naweka kiti". Wengine wanaweka nukta tu, wanaita *chấm*, ili wakipata taarifa ya jibu jipya warudi.

---

Mwalimu Kivuli

Subirini kidogo. Kupunga upepo kusubiri habari... na sisi uvumi umetoka wapi kama si kwenye *kuvuma*? Upepo unavuma, ngoma inavuma, jina linavuma, na habari isiyo na mwenyewe inavuma. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sijawahi kuliweka mbele ya darasa hivi.

---

Korosho ya Kusini

Mwalimu, umenitangulia, nilikuwa naliwekea akiba! Ngoja nikamilishe.

Kuna nghe phong thanh. Phong ni upepo, thanh ni sauti, yote mawili ya asili ya Kichina. Kusikia sauti ya upepo: umepata fununu, huna uhakika. (Msome *fong*, na th ni t yenye pumzi, siyo ile ya thelathini.) Watu wengi wanasema na kuandika *phong phanh*, ambalo hasa ni kuvaa nguo nyepesi wakati wa baridi, na kule mtandaoni ukiandika hivyo kuna mtu atakurekebisha. Mimi hilo kosa nalipenda. Habari iliyovaa nguo nyepesi.

Na kuna *đồn thổi*, kuvumisha na kupuliza. Upepo tena. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, na zote zimeona tetesi ni hewa inayopita kwenye nyufa.

---

Mpashaji Mstaafu

Nyufa umezitaja. Sisi tunasema kuta zina masikio. Wao?

---

Mtaa wa Chai Baridi

*Tai vách mạch rừng*. Ukuta una masikio, msitu una mapito. Ila wajuzi wanasema neno la mwisho la asili ni *dừng*, siyo *rừng*. Dừng ni zile fito za mianzi zinazosukwa kabla ya kukandika udongo, na mạch ni upenyo. Yaani ukuta una masikio, fito zina nyufa. Kizazi cha nyumba za matofali hakijui tena dừng ni nini, kikasikia rừng, msitu. Msemo wenyewe kuhusu maneno kuvuja umevuja neno moja njiani!

Nimelala kwenye nyumba ya fito na udongo kwa bibi yangu Newala. Udongo ukikauka unaachana na ufito, unabaki mstari mwembamba wa mwanga. Mazungumzo yote ya uani tuliyapata kupitia mstari ule.

---

Korosho ya Kusini

Newala! Jirani kabisa. Basi ongeza na hili, lina historia inayofanana: tam sao thất bản. Tam ni tatu, sao kunakili, bản ni nakala ya asili. *Thất* hapo ni kupotea: ukinakili mara tatu, asili imepotea. Lakini thất pia ni saba, kwa hiyo wengi wanaelewa "nakala tatu, matoleo saba". Na maana bado inakaa vizuri.

---

Tanganyika Juu

Ninauliza kitu kimoja kya mwisho. Sisi tunasema "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Hii methali mutu akiitoa, mambo imekwisha, uongo imekuwa kweli. Banakuwa nayo?

---

Mtaa wa Chai Baridi

*Không có lửa làm sao có khói*: bila moto moshi utoke wapi. Inatumika vile vile, na inaumiza vile vile. Aliyesingiziwa akijitetea, anaambiwa moshi huo umetoka wapi. Upande wa pili wanayo *trăm nghe không bằng một thấy*, kusikia mara mia hakufikii kuona mara moja. Na *nói có sách, mách có chứng*: ukisema uwe na kitabu, ukitoa taarifa uwe na ushahidi. Mwalimu wetu wa uandishi alikuwa anaiandika ubaoni kila tukikabidhi insha bila marejeo.

---

Mwalimu Kivuli

Kwa anayetaka kujifunza: mtu akikuletea nghe nói au nghe đồn, wewe unajibu nini? Nataka jibu fupi la kutumia.

---

Korosho ya Kusini

*Nghe ai nói?* Umesikia nani akisema? Kiingize katikati kile kineno kidogo *ai*, nani, basi. Nghe nói ilikuwa haina mtu, wewe umemrudisha mtu ndani ya sentensi. Ni "niletee jina" ya nyanya wa Bint Kibokoni, kwa maneno matatu. Kwa mkubwa wako utangulize *dạ* la heshima na umwite kwa cheo chake: *Dạ, dì nghe ai nói vậy dì?* Bila hivyo inasikika kama polisi.

Msimu uliopita tulikuwa ghalani hapa Mtwara na mnunuzi mmoja mzee, mtu wa Kaskazini yao, ameshika simu. Kesho yake ni mnada. Akaniambia *nghe đâu giá xuống*, kasikia-sikia bei inashuka. Vijana wa kupakia walikuwa wananiangalia mimi, kwa sababu nikitafsiri neno linatoka pale linakwenda hadi vijijini kabla ya magharibi. Nikamuuliza kwanza: *Bác nghe ai nói?* Akaangalia simu, akafikiri, akacheka. *Nghe hơi nồi chõ thôi.* Mvuke wa chungu tu.

Vijana wakauliza kasemaje. Nikawaambia: hajui, tusubiri ubao wa mnada kesho.